Njia ya mgonjwa kutoka kijijini hadi kwa daktari bingwa: Kasongo na Kabambare

Katika makanisa yetu ya kusini mwa Maniema tunaombea wagonjwa kila Jumapili. Baadhi ya majina hubaki katika orodha ya maombi mwaka baada ya mwaka: mama anayetokwa na mkojo tangu alipozaa, mzee aliyepofuka polepole, mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, kijana wa kifafa aliyeanguka motoni na kuungua mkono. Tunawaombea kama watu ambao binadamu hawezi kuwafanyia lolote tena. Lakini wote wanne wana magonjwa yanayotibika, na matibabu yake yanajulikana tangu miaka mingi. Wanachokosa ni njia ya kufika kwa yule anayejua kuwatibu.

Makala hii inaeleza njia hiyo ilivyopangwa katika teritwari za Kasongo na Kabambare, mahali inapokatika, na sehemu ambayo kanisa la mahali linaweza kuishika. Imeandikwa kwa ajili ya wachungaji, wazee wa kanisa, mashemasi, viongozi wa wamama, na kila mshirika anayeulizwa usiku: "Tumpeleke wapi?" Mwandishi ni mchungaji, si daktari. Kwa hiyo yaliyomo humu yasichukue nafasi ya neno la mwuguzi au daktari aliyemwona mgonjwa kwa macho yake.

Matibabu ya bingwa ni nini?

Mwuguzi wa kituo cha afya anatibu malaria, kuhara, nimonia, anazalisha wamama, anachanja watoto. Daktari wa hospitali kuu ya rufaa anafanya zaidi: anampasua mama aliyeshindwa kuzaa, anapasua ngiri, anatoa kidole tumbo kilichooza, anatengeneza mfupa uliovunjika. Daktari bingwa, tunayemwita pia spesialisti, ni yule aliyeongeza miaka kadhaa ya masomo juu ya sehemu moja: upasuaji, wanawake na uzazi, watoto, macho, mifupa, akili na mishipa ya fahamu.

Watu wengi huchanganya ngazi hizi. Mwaka 2015 tume ya kimataifa juu ya upasuaji, iliyoundwa na jarida la madaktari la The Lancet, ilisema kwamba watu bilioni 5 ulimwenguni hawapati upasuaji salama kwa bei wanayoiweza pale wanapouhitaji. Tume hiyo ilitaja kazi tatu zinazoonyesha kama hospitali ya kwanza ya rufaa iko imara: kumpasua mama mzazi, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. Ilisema pia kwamba kila mtu angepaswa kufika mahali pa kufanyiwa kazi hizo ndani ya saa mbili.

Kazi hizo tatu hazihitaji ndege ya kwenda Kinshasa. Zinahitaji daktari aliyezoezwa, mtu wa kulaza mgonjwa usingizi, damu, oksijeni, dawa, na taa usiku. Kwa hiyo swali la kwanza la familia ni kujua ugonjwa huu unatibiwa katika ngazi gani. Bingwa anatafutwa baada ya hapo. Kuna mgonjwa anayetumwa mbali wakati hospitali ya zoni yake ingemponya, na kuna mwingine anayezungushwa miezi sita katika vituo vya karibu wakati ugonjwa wake unamtaka bingwa tangu siku ya kwanza.

Ngazi za afya katika eneo letu

Nchi yetu imegawanywa katika zoni za afya 519. Jimbo la Maniema lina zoni 18. Teritwari ya Kabambare ina tatu: Kabambare, Lusangi na Saramabila. Upande wa Kasongo kuna Kasongo, Kunda na Samba. Kila zoni inaongozwa na daktari mkuu wa zoni, ina hospitali kuu ya rufaa, na chini yake vituo vya afya vinavyohudumia vijiji. Juu ya zoni kuna hospitali ya jimbo huko Kindu, na juu zaidi hospitali kubwa za Bukavu, Goma, Kisangani, Lubumbashi na Kinshasa.

Mgonjwa anapanda ngazi hizi akiwa na karatasi ya rufaa, ile tunayoiita transfere. Karatasi hiyo inaonyesha ugonjwa ulianza lini, dawa zipi zimetolewa, vipimo vipi vimefanywa na kwa nini anatumwa. Familia nyingi huiona kama alama ya kushindwa, huiacha nyumbani, na kwenda moja kwa moja mjini. Hapo hupoteza mara mbili: vipimo vinaanza upya kwa gharama yao, na daktari mpya hajui yaliyotangulia. Mahali ambapo kuna mradi unaosaidia gharama, mara nyingi karatasi hiyo ndiyo inayomfungulia mgonjwa mlango.

Kuna pia karatasi ya pili inayosahauliwa, ile ya kurudi. Bingwa akimaliza kazi yake, anapaswa kumwandikia mwuguzi wa kijijini: nimefanya hivi, endeleeni na dawa hii, kidonda kisafishwe hivi, arudi tarehe fulani. Bila karatasi hiyo upasuaji mzuri unaweza kuharibika kijijini kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya. Omba karatasi hiyo kabla ya kuondoka hospitalini.

Kasongo iliyofundisha wengine

Vijana wetu wengi hawajui kwamba mpango huu wa ngazi una mzizi wake hapa kwetu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, ilifanya kazi na serikali ya Zaire mjini Kasongo na vijijini mwake. Madaktari Pierre Mercenier na Harrie Van Balen walikuwa kati ya wenye fikra ya mradi huo. Wazo lao lilikuwa rahisi: kituo cha afya kiwe karibu na watu, mwuguzi wake azijue familia kwa majina, na hospitali ibaki kwa wale wanaoihitaji kweli. Kituo na hospitali viwe mwili mmoja, kila kimoja na kazi yake.

Mwaka 1981 timu ya Kasongo ilitoa kitabu juu ya mafunzo ya kazi hiyo. Mwaka 1988 Wim Van Lerberghe na K. A. Pangu walichapisha uchunguzi kuhusu namna mtandao wa vituo vya vijijini ulivyobadilisha sura ya wagonjwa waliolazwa katika hospitali ya Kasongo. Kazi ya Kasongo ilisomwa katika shule za afya za nchi nyingi, na pamoja na mahali pengine kama Vanga, ambako hospitali ni ya Wabaptisti, ilisaidia kuzaa mpango wa zoni za afya. Katika miaka ya 1980 Zaire nzima iligawanywa katika zoni 306. Kanisa la Kristo lilikuwa katikati ya kazi hiyo: kuanzia mwaka 1981 liliongoza mradi wa SANRU wa afya ya vijijini kwa msaada wa Marekani.

Historia hiyo inatuondolea udhuru mmoja. Hatuwezi kusema kwamba kijiji cha Kasongo hakiwezi kuwa na njia nzuri ya matibabu, maana njia hiyo ilijaribiwa hapa hapa na ikafanya kazi. Kilichofuata tunakijua: nchi ilianguka kiuchumi, mishahara ikakatika, vita vya mwaka 1996 na vya 1998 vikapita juu yetu, barabara zikafungwa na msitu. Ngazi zimebaki, lakini hatua kati ya ngazi moja na nyingine zimekuwa ndefu mno.

Umbali

Kutoka Kabambare hadi mji wa Kasongo, hata ndege akiruka kwa mstari ulionyoka, ni zaidi ya kilometa 100. Kutoka Kasongo hadi Kindu kwa barabara ni zaidi ya 200. Bukavu iko zaidi ya kilometa 300 kutoka Kasongo kwa mstari wa ndege. Kinshasa iko zaidi ya 1,100 kutoka Kindu. Reli inapita Kibombo na Samba kuelekea Kongolo, lakini haifiki mji wa Kasongo wala Kabambare. Kwa hiyo gari la wagonjwa la watu wetu ni pikipiki, na mahali pikipiki isipopita ni kipoyi mabegani mwa wanaume wanne.

Wakati wa mvua saa zinageuka siku. Mama mwenye uchungu akiwekwa kati ya dereva na ndugu anayemshikilia, juu ya matope, amekwisha kupoteza nguvu kabla ya kufika. Upande wa Saramabila na Namoya, penye dhahabu, makundi ya silaha yamefunga njia mara nyingi, na mgonjwa hawezi kusafiri usiku hata kama ugonjwa unataka hivyo.

Mwisho wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, na katikati ya Februari Bukavu vilevile. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilifungwa. Kwa watu wa Maniema jambo hilo liligusa moja kwa moja matibabu ya bingwa, kwa sababu hospitali mbili za Kiprotestanti tulizozoea kuzitegemea ziko katika miji hiyo. Ya kwanza ni Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege chini ya jumuiya ya CEPAC. Yeye alipata tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2018. Ya pili ni HEAL Africa, Goma, iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi na mke wake Lyn Lusi. Imefanya kazi hata Maniema. Kabla ya kumtuma mgonjwa upande huo, piga simu kwanza. Uliza kama huduma unayoitafuta inafanyika sasa, njia ipi inapitika, na mgonjwa atalala wapi.

Kuchelewa kwa aina tatu

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika juu ya vifo vya wamama wazazi na kueleza kuchelewa kwa aina tatu. Maelezo yao yanafaa kwa karibu kila ugonjwa mkubwa.

Kuchelewa kwa kwanza ni nyumbani: kuamua kutafuta msaada. Mume hayupo, yuko machimboni. Mama mkwe anasema uzazi wa kwanza huwa mrefu. Wengine wanasema ni mkono wa mtu. Kuchelewa kwa pili ni njiani: kupata pikipiki, petroli, pesa, kivuko. Kuchelewa kwa tatu ni hospitalini kwenyewe: daktari hayupo, damu hakuna, familia inaambiwa inunue kwanza glavu na nyuzi.

Makanisa yetu huingia hasa katika kuchelewa kwa kwanza, na lazima tulisema wazi. Kuna vyumba vya maombi ambamo mgonjwa anawekwa siku nyingi, anafungishwa chakula, anakatazwa dawa, na familia inaambiwa kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani. Mtoto wa diabeti anaacha sindano. Kijana wa kifafa anaacha vidonge kwa sababu ya unabii, na kifafa kinarudi kwa nguvu kuliko kwanza. Mama mwenye uvimbe kwenye titi anaombewa mwaka mzima, na anapofika kwa daktari kansere imekwisha kutambaa. Hakuna fundisho la Kristo linalodai hivyo. Luka mwenyewe alikuwa tabibu, na Msamaria wa Luka 10 alitumia mafuta na divai, akafunga vidonda, akamchukua mgonjwa juu ya mnyama wake, akalipa nyumba ya wageni na kuahidi kulipa zaidi akirudi. Mchungaji anaweza kuomba akiwa nyuma ya pikipiki inayompeleka mgonjwa.

Magonjwa matano ambayo watu huyakatia tamaa

*Fistula ya uzazi.* Uchungu ukidumu siku mbili au tatu bila mtoto kutoka, kichwa chake kinabana nyama kati ya njia ya uzazi na kibofu. Nyama inakufa, tundu linabaki, na mkojo unatoka bila kukoma, wakati mwingine na choo pia. Mara nyingi mtoto amekufa. Mume anaondoka. Mama anaacha kuja ibadani kwa sababu ya harufu, na sisi tunadhani amerudi nyuma kiroho. Fistula inashonwa, na wengi wanakauka kabisa mikononi mwa daktari aliyezoea kazi hiyo. Tena, mama akionekana katika majuma ya kwanza, mrija wa mkojo ukiachwa ndani kwa majuma kadhaa unaweza kuziba tundu dogo bila kisu. Kwa hiyo mwuguzi aambiwe mara moja. Aliyepona, akipata mimba tena, azalie hospitalini kwa kupasuliwa.

*Nyayo zilizopinda.* Karibu mtoto mmoja katika kila elfu huzaliwa hivyo. Kwa njia ya daktari Ponseti, mguu unanyoshwa polepole kwa plasta inayobadilishwa kila juma, kwa majuma matano hadi nane hivi, mara nyingi pamoja na mkato mdogo kwenye kisigino. Kisha mtoto anavaa viatu vyenye kipande cha chuma usiku hadi umri wa miaka minne hivi. Ni vema kuanza katika majuma ya kwanza ya maisha. Kila mwezi unaopita unafanya kazi kuwa ngumu, kwa hiyo anayemwona mtoto kama huyo siku ya kumweka wakfu kanisani aseme siku ile ile.

*Mtoto wa jicho.* Ndiyo sababu kubwa ya upofu ulimwenguni. Lenzi ya jicho inakuwa nyeupe kama maziwa. Upasuaji ni mfupi, dawa ya ganzi ni ya jichoni tu, na mzee anaweza kuona kesho yake. Dawa za majani zinazotiwa jichoni haziondoi ugonjwa huo. Zinaweza kuliharibu jicho lililokuwa bado linaponyeka.

*Kifafa.* Si pepo, wala hakiambukizwi kwa mate. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba hadi watu 70 katika 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayofaa. Fenobarbitali ni dawa ya zamani na ya bei ndogo, na mwuguzi aliyezoezwa anaweza kuisimamia. Jambo gumu ni kuimeza kila siku, kwa miaka, bila kukatisha. Anayeanguka ashikwe kwa upole, alazwe kwa ubavu, asitiwe kitu mdomoni.

*Ugonjwa wa usingizi.* Mbung'o wa kando ya mito bado yuko Maniema. Zamani mgonjwa alidungwa dawa kali hospitalini, na moja ya dawa hizo ilikuwa ikiua baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2018 vidonge vya feksinidazoli vilikubaliwa, baada ya majaribio yaliyofanywa kwa sehemu kubwa hapa Kongo na madaktari wa nchi yetu. Vinamezwa kwa siku 10, na wagonjwa wengi hawahitaji tena kudungwa. Huu ni mfano mzuri wa matibabu yaliyoshuka kutoka kwa bingwa mpaka karibu na kijiji. Mtu anayelala mchana, kukesha usiku na kubadilika tabia asiitwe mchawi. Apimwe damu timu ya uchunguzi inapopita.

Dalili zisizongoja Jumapili

Katika hali hizi safari ianze saa ile ile, hata usiku kama njia ni salama:

- Mama mwenye uchungu kutoka macheo hadi machweo bila mtoto kutoka, au anayetoka damu nyingi, au anayeanguka kama mtu wa kifafa wakati wa mimba.
- Tumbo lililokuwa gumu kama ubao, lenye maumivu makali, pamoja na kutapika.
- Ngiri iliyotoka, ikawa ngumu, inauma na hairudi ndani.
- Mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi.
- Upande mmoja wa mwili uliolegea ghafla, mdomo kupinda, maneno kutoeleweka.
- Mtoto asiyeweza kunyonya, anayepumua kwa shida au asiyeamka.
- Kuumwa na nyoka. Msikate kidonda, msifunge kamba ya kubana. Mwacheni asitembee, mbebeni.

Dalili nyingine zinaruhusu siku chache, lakini si miezi: uvimbe wa titi, damu inayotoka kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, uvimbe wa taya la mtoto unaokua upesi, kichwa cha mtoto mchanga kinachozidi kukua. Uvimbe ule wa taya ulielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari mpasuaji Mkristo aliyefanya kazi Uganda. Ni kansere, lakini watoto wengi wanapona kwa dawa wakifika mapema.

Bingwa anapokuja kwetu

Mara kwa mara timu ya wapasuaji inakuja Kindu, Kasongo au hospitali nyingine ya zoni kwa siku chache: fistula, macho, midomo iliyopasuka. Kampeni hizi ni baraka, lakini zinapita haraka. Tangazo linatolewa redioni siku tatu kabla, na mama wa kijiji cha mbali cha Lusangi analisikia timu ikiwa imekwisha kuondoka. Kanisa lenye orodha iliyo tayari linaweza kupeleka majina kwa daktari mkuu wa zoni kabla ya kampeni, ili wagonjwa wapimwe mapema na wafike kwa wakati. Kila kampeni iulizwe pia swali hili: ni daktari na mwuguzi yupi wa hapa aliyefundishwa kazi hiyo?

Jirani zetu wa Tunda, katika teritwari ya Kibombo, wametupa ushuhuda mwingine. Hospitali ya Tunda ilitokana na kazi ya wamisionari Wamethodisti. Kuanzia Oktoba 2022 ilikuwa moja ya hospitali mbili, pamoja na Kole huko Sankuru, ambamo watafiti wa Kongo na wa Marekani walijaribu dawa ya tekovirimati kwa wagonjwa 597 wa mpox. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024: dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Lakini katika wagonjwa wale wote, waliopata dawa na wasioipata, waliokufa walikuwa asilimia 1.7, wakati kwa kawaida katika nchi yetu ilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Tofauti hiyo watafiti waliihusisha na kulazwa na kutunzwa vizuri. Hospitali ya kijijini ikipewa watu, vifaa na ufuatiliaji, inaokoa maisha hata pasipo dawa mpya.

Gharama

Familia huuliza bei ya upasuaji tu. Lakini usafiri, chakula, nyumba ya mlinzi wa mgonjwa, vipimo na dawa za baadaye mara nyingi hupita bei hiyo. Watu wanauza shamba, mbuzi, baiskeli, kisha wanakwama katikati. Katika hospitali nyingi nchini, mgonjwa aliyepona na kushindwa kulipa anazuiwa mpaka deni liishe, na kila siku ya kuzuiwa inaongeza njaa.

Kwa hiyo uliza mapema, kwa maandishi kama inawezekana: bei ya jumla ni ngapi, ndani yake kuna nini, na nje kuna nini? Je, kuna mradi unaolipia ugonjwa huu? Serikali ilianza mpango wa uzazi bila malipo mjini Kinshasa mwezi wa Septemba 2023, na umeendelea kupanuliwa hatua kwa hatua katika majimbo mengine. Uliza kwenye ofisi ya zoni kama kituo chako kimo, na mpango unalipia nini hasa.

Kazi ya kanisa la mahali

Haya yote yanaweza kufanywa na kanisa la washirika hamsini, bila mfadhili wa kigeni.

1. Andikeni orodha ya wagonjwa wa muda mrefu, kwa ruhusa yao na kwa siri, na mwuguzi wa kituo aipitie mara moja kila miezi mitatu. Orodha ya maombi na orodha ya rufaa ziende pamoja.
2. Chagueni mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, anayejua kusoma, mwenye simu, na anayeaminika kutunza siri. Yeye ashike namba za zoni, hospitali na madereva wa pikipiki, na kumsindikiza mgonjwa mwenye transfere.
3. Wekeni mfuko wa safari. Sadaka ndogo ya kila mwezi, au shamba la mihogo au mpunga la kanisa, inatosha kulipia petroli. Hesabu isomwe mbele ya washirika wote.
4. Tengenezeni kipoyi kimoja kizuri, na zamu ya vijana wa kukibeba.
5. Tafuteni katika makanisa ya mji wa Kasongo na wa Kindu familia zinazoweza kumpokea mgonjwa na mlinzi wake. Mama mjamzito wa mbali, aliyekwisha kupasuliwa au aliyewahi kuwa na fistula, ahamie karibu na hospitali majuma machache kabla ya kuzaa.
6. Jueni makundi ya damu ya washirika wenye afya. Hospitali ikikosa damu, mtu anayejulikana anaitwa mara moja.
7. Mpokeeni anayerudi. Mama aliyepona fistula apewe tena nafasi yake katika kwaya na katika Umoja wa Wamama. Aliyerudi bila kupona asiachwe peke yake.

Viongozi wa makanisa wana kazi nyingine pia: kuketi katika kamati za afya, kuuliza dawa zilizotumwa zilifika wapi, kudai barabara na mishahara ya wauguzi kwa wabunge wa Kasongo na Kabambare. Mfuko wa kanisa hauwezi kuchukua nafasi ya serikali.

Katika Marko 2 wanaume wanne walimbeba mwenzao aliyepooza. Walikuta mlango umejaa watu, wakapanda juu na kufungua paa. Yesu aliiona imani yao katika kazi ile ya mikono: kubeba, kupanda, kubomoa, kushusha kamba. Katika vijiji vyetu mtu wa kipoyi bado analala nyumbani akingoja wanne wa kumbeba. Jumapili ijayo, jina lake litakaposomwa, swali lifuate papo hapo: nani anampeleka, na siku gani?